Pale Alipokuwa Akisimama Fundi Vioo

Fundi vioo alifariki Jumanne, akazikwa Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata Nesi akabisha hodi kuja kuchukua panga.

Usimhukumu haraka huyu Nesi. Uuguzi alistaafu zamani, jina likabaki, na mkono nao ukabaki: aliwasahihisha wanafunzi wake kama anayechoma sindano, upesi na bila kuomba radhi. Alikuwa na ukumbi juu ya duka la rangi, na humo alifundisha mchezo wa panga wa Kichina, aliofunzwa ujanani na mwalimu wa Kichina mkali kuliko yeye. Sheria za ukumbi hazikuwa nyingi. Moja ilihusu panga pacha. Mwanafunzi akiumaliza mchezo wote hukabidhiwa jozi, akae nayo nyumbani maisha yake yote. Akifa, na kama nyumbani kwake hakuna mwingine anayeujua mchezo, jozi hurudi ukumbini.

"Pole sana, mama," Nesi alimwambia mjane, ameketi ukingoni mwa kochi kama mgeni asiyetaka kuzoea. "Najua nimewahi mno. Ila nikichelewa, watu huzikata wakafanya visu vya jikoni. Yameshanikuta."

Mjane akaingia chumbani, akazitoa kabatini. Asiyezijua angeapa kwamba ni upanga mmoja: ala moja nyeusi ya ngozi, na juu yake mpini mmoja mnene kidogo. Ukiuvuta ndipo unagawanyika mikononi mwako. Kila upanga una ubavu mmoja uliotuna na ubavu mmoja bapa kabisa, na zile mbavu bapa hulaliana ndani ya ala kama watu wawili kwenye kitanda chembamba. Fundi alizipaka mafuta kila Jumapili kwa miaka thelathini na moja. Kazi ya mkewe ilikuwa kufua kitambaa cha mafuta hayo.

Alizileta mpaka sebuleni, akasimama nazo, asizitoe.

"Mimi naujua," alisema.

"Unajua nini, mama?"

"Mchezo. Wote, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Nesi akamtazama juu mpaka chini. Hapo ni lazima nimtetee mjane wetu, maana hata wewe ungemcheka. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka mia mbili kwa siku, mvuke mpaka puani, na hakuwa amewahi kukanyaga ule ukumbi hata siku moja. Lakini alikuwa na dirisha la jikoni.

Mumewe alikuwa mtu mwema, na kimya kama maji mtungini. Hakumpiga, hakumtukana, hakumnyima kitu. Hakumwambia kitu pia. "Wee, chai tayari?" Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya asubuhi. Kunapopambazuka alitoka uani na panga zake, akasimama mahali palepale karibu na ukuta wa mwisho, na mkewe akawa jikoni anachemsha maji na kumtazama kupitia dirisha. Miguu ya Fundi ilianzia mahali pamoja kila siku, hata saruji ikaliwa, vikatokea vishimo viwili vya visigino.

Mwaka wa tano wa ndoa Fundi alibomoa dirisha dogo la jikoni lenye wavu, pamoja na ukuta wa pembeni yake, akaweka kioo kimoja kikubwa, kisafi, kipana kama meza ya kulia. Mkewe alifurahi siku moja nzima. Aliwahadithia wenzake kazini. Asubuhi ya pili akamwona Fundi, katikati ya mchezo, anasimama ghafla, upanga mmoja nyuma ya kichwa, mwingine umefunguka kando, kidevu juu, macho kwenye kioo. Kumbe! Fundi vioo amejiwekea kioo cha kujitazamia. Moyo ukamwanguka pu. Akaona aibu kuwa amesimama katikati ya mambo ya watu, akasogea hatua mbili, kando ya kabati la vyombo, ampishe ajione vizuri. Kutoka pale hakumwona tena, alisikiliza tu miguu yake ianze kusogea. Fundi alikaa vile kwa pumzi moja, kisha akaendelea, na mke akarudi kwenye birika lake.

Toka siku hiyo ikawa hivyo kila asubuhi. Fundi husimama, mke husogea, Fundi huendelea, mke hurudi. Miaka ilivyozidi, kule kusimama nako kukazidi, pumzi mbili, tatu, mwishoni hata tano. Mke alizihesabu pale kando ya kabati, akisema moyoni kwamba uzee umemwongezea mzee huyu majivuno. Siku moja alipiga moyo konde akamwuliza: "Fundi, asubuhi pale huwa unatazama nini?" Fundi akababaika, akachovya mkate kwenye chai mpaka ukamkatikia kikombeni. "Hamna kitu," akasema.

Hamna kitu. Neno hilo lilimkaa mpiga pasi kifuani kama mwiba wa samaki. Hakulia makaburini, watu wakasema ana roho ngumu. Ukweli ni kwamba alikuwa na swali moja tu, na mwenye jibu alikuwa anafukiwa: katika miaka yote ile, je, mtu huyu aliwahi hata mara moja kuniona?

Sasa zile panga ndizo pekee alizozitazama Fundi kwa upendo mbele ya macho ya mkewe. Zikiondoka, hata swali litakosa pa kukaa.

"Haya," Nesi alisema, "twende uani. Nionyeshe."

Mjane hakuthubutu kukanyaga vile vishimo viwili. Alisimama upande wa huku, karibu na mlango wa jikoni, akatazamana na mahali pa mumewe, akachomoa. Na mwili ukaenda! Hakuwa ameshika panga maisha yake, miiko tu alipokuwa peke yake jikoni, lakini mikono iliyonyanyua pasi ya chuma tangu ujana haikuogopa uzito. Upanga mmoja ulizunguka kichwa, mwingine ukakata hewa mbele ya magoti. Mmoja ukashambulia, wa pili ukalinda. Hazikugongana. Katikati akasimama, kidevu juu, pumzi tano. Akaendelea mpaka mwisho. Na muda wote alimwona Fundi mbele yake, hatua kwa hatua, kama zamani, ila sasa hapakuwa na dirisha kati yao. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile alihisi ana mtu nyumbani.

Kisha akataka kuzirudisha panga alani. Hazikuingia. Akazisukuma, zikakwama. Akazigeuza, zikakwama tena.

Nesi alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mkono mdomoni. Mjane alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nisamehe, mama. Nisamehe. Nimefundisha miaka arobaini sijaona jambo hili. Mchezo unaujua wote, kweli kabisa. Ila umeugeuza! Upanga wa kulia umeushika kushoto, wa kushoto umeushika kulia. Ndiyo maana zinakataa ala, mbavu bapa ziko nje. Ulikuwa unamtazama kwa mbele, siyo? Alipotupa mkono wa kulia, wewe ukajifunza kwa kushoto."

"Basi nimekosea wote."

"Wote. Kila hatua." Nesi akafuta macho. "Tena na pale katikati ulisimama. Kwa nini?"

"Ndivyo alivyofanya."

"Hapana, mama. Pale hakuna kusimama. Kifua kiko wazi, ukisimama pale umejiua. Hapo macho yanafuata ncha ya upanga unaopita nyuma, na mwili unageuka nao, hausubiri. Na marehemu pale ukumbini hakusimama hata siku moja. Umeitoa wapi hiyo?"

Angesemaje? Kwamba mume wake alipenda kujitazama? Mtu hawezi kumwanika marehemu wake mbele ya wageni. Alisema labda ameota.

Nesi akapima, akakuna kichwa, akakata shauri. "Nakupa miezi mitatu. Njoo ukumbini kila ukitoka kazini. Ukiugeuza mchezo ukakaa upande wake, panga ni zako. Ukishindwa, nazichukua na usinilaumu."

Basi mpiga pasi akafunga kibwebwe. Na usidhani ni kazi ndogo. Asiyejua kitu hufundishwa akajua. Anayejua kinyume lazima kwanza asahau, na kusahau hakuna mwalimu wake. Nesi akimwambia kulia, kushoto kunaruka. Akimwambia geukia ukutani, yeye anageukia mlangoni. Mara panga zinagongana, kling, na sheria ya ukumbi ni kwamba zikigongana unaanza upya. Siku za mwanzo alianza upya mara ishirini. Vijana waliojifunza naye walimwita Mama Kling, wakidhani hasikii. Alisikia.

Kazini nako kukaharibika. Mwenzake wa kukunja mashuka alikuwa mwanamke waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuzimika. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, mmoja kila upande: mnanyoosha, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Wawili hawa walikunja pamoja miaka kumi na sita bila hata kutazama mikono yao.

"Shoga, una nini leo?" Redio alipiga kelele. "Mbona wanivuta huku na huku? Shuka limekuwa kamba!"

"Najaribu kutumia mkono wangu wa kulia."

"Na siku zote ulikuwa unatumia wa nani?"

Akamweleza, kwa mafungu mafungu, kati ya shuka na shuka. Redio alisikiliza, jambo ambalo lingeandikwa gazetini. Kisha akasema, "Ah, hilo si tatizo. Njoo usimame upande wangu, mimi nije upande wako. Mtu hajui shuka linavyoonekana kwa mwenzake mpaka asimame kwake." Wakabadilishana. Shuka la kwanza walilikunja vibaya mno, likarudishwa kwenye pasi. La kumi likatoka safi.

Hivyo ndivyo alivyoanza kugeuka. Polepole mkono wa kulia ukawa wa kulia. Lakini kuna jambo ambalo hakumwambia Redio wala Nesi. Kila alipopata hatua moja, Fundi aliondoka hatua moja. Alipocheza kinyume, mumewe alikuwa mbele yake, uso kwa uso. Alipocheza sawasawa hapakuwa na mtu. Akitupa mkono, hakuna mkono uliotupwa kumjibu. Akisonga, hakuna aliyerudi nyuma. Mwezi wa pili alikuwa akizunguka ukumbini peke yake, na pale mbele palikuwa patupu. Akifika kazini aliinamia pasi, akaufungulia mvuke wote, akalia humo ndani. Chumba cha kufulia kina faida hiyo: uso wa kila mtu umelowa.

Binti yake alimpigia simu kila Jumamosi kutoka mji mwingine. "Mama, si uwaachie tu hivyo vitu vyao? Njoo ukae nasi. Unabaki na nani huko?"

"Nabaki na panga," alijibu, wakacheka wote wawili, na simu ilipokatika nyumba ikanyamaza tena. Asubuhi alitoa vikombe viwili, akakumbuka, akarudisha kimoja. Alifanya hivyo kila siku, miezi mitatu, mkono haukubali kufundishwa.

Lile la kusimama katikati ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Akifika pale mwili unaganda wenyewe. Nesi alimgonga bega kwa fimbo ya mwanzi, alimpigia makofi, alimsukuma. "Pita! Pita! Unamngoja nani hapo?" Akapita mwishowe, lakini kila alipopita alihisi amemfumba Fundi macho.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi mchana. Ukuta mmoja wa ukumbi ulikuwa kioo kitupu, kuanzia sakafuni mpaka darini. Mpiga pasi alichomoa upanga mmoja, zikawa mbili. Alizunguka, akakata, akalinda, akapita pale katikati bila kusita, akamaliza, akazielekeza panga kwenye mdomo wa ala bila kutazama. Ziliingia kwa sauti moja tu. Vijana walipiga makofi, na yule aliyemwita Mama Kling alipiga kuliko wote.

"Zichukue," Nesi alisema. Alikuwa amegeukia dirishani, anajifanya anatafuta miwani. "Ni zako mpaka ufe. Na ukifa nitakuja Jumatatu."

"Ahsante, Nesi."

"Mumeo angefurahi. Kioo hicho cha ukutani alikifunga mwenyewe, unajua? Hakutaka nimlipe hata nauli. Na hakuwahi kujitazama humo. Nilimkemea weee, nikamwambia mwanafunzi mzuri hujitazama kwenye kioo ajisahihishe. Akasema anaona haya kujiangalia."

Mpiga pasi alitaka kuuliza kitu, lakini wanafunzi wa saa tisa walikuwa wanaingia, viatu mkononi. Akaondoka na panga kwapani. Njia nzima maneno yale yalikuwa yakimzunguka. Anaona haya kujiangalia? Yule yule?

Kesho yake aliamka mapema. Aliwasha taa ya jikoni, akaweka birika, akatoa vikombe viwili, akarudisha kimoja. Kisha akatoka nje. Safari hii hakusimama karibu na mlango. Panga sasa zilikuwa zake kwa haki, upande wake ulikuwa sawa, akaona hana sababu tena ya kumwogopa marehemu. Alivuka ua mpaka ukuta wa mwisho, akatia visigino vyake katika vile vishimo viwili. Vilikuwa vikubwa kuliko miguu yake, na vilikuwa na umande.

Akaanza. Kulia kulikuwa kulia. Upanga ukazunguka kichwa, mwingine ukakata hewa mbele ya magoti, akageuka, akasonga, akageuka tena. Alipofika pale katikati mwili ukasimama. Hakuuambia usimame. Upanga mmoja nyuma ya kichwa, mwingine umefunguka kando, kidevu juu. Na macho, badala ya kufuata ncha, yakaenda mbele yenyewe.

Alitegemea kujiona. Hakujiona. Nje bado palikuwa na ukungu wa alfajiri, ndani taa ilikuwa inawaka, na kile kioo hakikurudisha chochote, si mtu wala upanga. Kilionyesha jiko. Kilionyesha birika na mvuke wake, kikombe kimoja, kitambaa kwenye mgongo wa kiti, kalenda na msumari wake, vyote vimekaa wazi kama vimewekwa dukani. Na katikati kabisa, mbele ya moto, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Alilitafuta kabati la vyombo. Halikuonekana. Lilikuwa nyuma ya ukuta, upande ule, na hata aliponyoosha shingo hakuona hata pembe yake.

Mtu huyu alibomoa ukuta. Hakujua kusema, basi akabomoa ukuta akaweka kioo, na kila asubuhi alifika hapa, akafungua kifua kwa namna ambayo mwalimu wake angemchapa, akainua macho amwone mkewe. Na mkewe, kwa adabu zake zote, alikuwa anasogea kando. Fundi alimkuta hayupo. Akangoja pumzi moja arudi. Mwaka uliofuata akangoja mbili. Alipokuwa mzee, mikono inatetemeka kwa uzito wa panga, alikuwa akingoja tano, na mke yuko kando ya kabati anazihesabu.

"Fundi," alisema kwa sauti. "Nilikuwepo. Nilikuwepo pale pale."

Birika lilianza kupiga mluzi. Hakulifuata. Aliinua kidevu, akakaza mikono kama alivyofundishwa na yule asiyemfundisha, akatazama dirisha. Alingoja pumzi moja, mbili, tatu, nne, tano. Mvuke ukapanda, ukakifunika kioo kidogo kidogo kutoka chini, na hakuna aliyekuja kuufuta.